Miaka 20 ya udiwani: kazi ilihama kabla Mzee hajahama

Kila uchaguzi ukikaribia kuna swali linafufuka kwenye vijiwe vya huku kwetu, ilikuaje yule Mzee aliyekaa udiwani miaka 20 mfululizo akadondoshwa mchana mmoja tu wa Julai 2020, tena na watu wa chama chake mwenyewe, na hata nafasi ya pili asiipate, akawa wa tatu. Majibu ni yaleyale. Mmoja atasema bahasha zilitembea, mwingine atasema uzee, mwingine atasema alishajenga akajisahau. Mimi nilikaa serikali ya mtaa kipindi kimoja kama mjumbe, nimeingia vikao vya WDC, yaani Kamati ya Maendeleo ya Kata, na huyu Mzee, nimemuona akihangaika kwa macho yangu, na naona majibu yote matatu yanapita pembeni. Kata siitaji na yeye simtaji, wa huku mtajua wenyewe. Ila kisa nakimwaga chote kwa urefu, maana ukikielewa hiki utaelewa udiwani wa Dar umegeuka kitu gani siku hizi.

Mzee aliingia mjini miaka ya sabini akitokea Rufiji, akapata ukarani wa stoo kwenye kiwanda cha nguo, kiwanda kilivyoanza kuyumba mwanzoni mwa miaka ya tisini akapunguzwa na wenzake. Muda huo tayari alikuwa balozi wa nyumba kumi kwa hiyo ugomvi wa mipaka, mtoto kapotea, mke kapigwa, mtu anataka kudhaminiwa polisi, vyote vilikuwa vinapita barazani kwake. 1994 ukaja uchaguzi wa kwanza wa madiwani wa vyama vingi, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, akasimama na akapita bila jasho. Wengi wanahesabu udiwani wake umeanzia hapo. Mi nahesabu umeanza miaka miwili baadaye, siku alipoupoteza.

Maana 1996 serikali, Sumaye akiwa Waziri Mkuu, ililivunja Baraza la Jiji la Dar es Salaam. Hali ilikuwa mbaya kwelikweli, taka zimelala mitaani, barabara ni mashimo, jiji linanuka. Ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, yule ambaye baadae alikuja kuwa mbunge wa Ubungo na Waziri wa Kilimo, na mpaka inafika 2000 mji ukawa unaendeshwa na Tume, hakuna diwani. Madiwani wengi walirudi kwenye biashara zao. Mzee hakuwa na pa kurudi, kiwanda kimeshamtema, na watu wa mtaani wala hawakuacha kumgongea mlango, kwao diwani ni diwani tu hata Baraza livunjwe mara ngapi. Sasa mtu anakuletea shida ya kalavati limeziba, kikao huna, kamati huna, posho huna, unafanyaje? Unachomekea shati unapanda daladala unaenda kukaa kwenye benchi nje ya mlango wa ofisa mpaka akuite. Hiyo ndo shule aliyosoma Mzee, miaka karibia minne ya kukaa benchi.

Alikuwa na kaunta buku. Sio moja, alikuwa nayo kadhaa yamefungwa na mpira wa baiskeli, nimewahi kuyashika. Kila ukurasa kaupiga mistari kwa rula, huku shida, huku faili lipo kwa nani, huku alisema nini, huku nirudi lini. Kuna moja naikumbuka vizuri, iliandikwa: "Kalavati njia ya msikitini. Faili kwa mhandisi ghorofa ya pili. Anasema makadirio hayajasainiwa na mweka hazina. Mweka hazina yupo likizo, anayekaimu ni yule mama wa Kibamba, anapatikana kabla ya saa nne." Halafu chini kwa kalamu nyekundu: "Saa nne anakunywa chai, usimsumbue." Nilicheka sana siku ile. Nadhani kuna maofisa wastaafu wangetoa hela nzuri tu wasome walichoandikwa mle.

2000 zikazaliwa manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na Jiji likiwa juu yake, na kwenye uchaguzi wa mwaka huo Mzee akarudi kwenye kiti. Akarudi tena 2005, tena 2010, tena 2015.

Hapa inabidi niseme kidogo diwani kisheria ana nini, maana watu wanamchagua wakidhani wamemchagua bosi. Diwani ni mjumbe wa Baraza la Madiwani na ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, hiyo ambayo sote tunaiita WDC. Katibu wa kamati ni mtendaji wa kata, na mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri, bosi wake ni mkurugenzi, na mkurugenzi anateuliwa na Rais. Meya mnamchagua wenyewe madiwani lakini mkurugenzi humgusi. Kwa hiyo diwani hana hela, hana mfanyakazi, hana gari, mara nyingi hata ofisi anaazima meza kwa mtendaji. Alichonacho ni haki ya kuuliza na mahali pa kuulizia, basi. Mzee aliliona hilo mapema. Wenzie walikuwa wakiona kamera Barazani wanasimama na mafaili juu, yeye kwenye vikao vya robo mwaka ungedhani kasinzia. Kumbe hoja yake ilishapita jana, koridoni, na leo kaja kusikia tu ikisomwa.

Na kwenye misiba hivyohivyo. Hili watu huwa wanalisema kama kejeli, kwamba alikuwa diwani wa misiba, ila hebu angalia alikuwa anafanya nini. Posho ya mwezi ya diwani miaka yake ya mwisho ilikuwa 350,000, juu yake kuna posho za vikao. Toa mchele wa msiba, toa kadi za harusi, toa nauli ya mgonjwa kwenda Muhimbili, toa sare ya mtoto wa fulani, hela hiyo haioni tarehe kumi. Mzee hakuwa mtoaji, hata wanaompenda wanakubali mkono wake ulikuwa mzito. Ila alikuwa anafika kabla ya turubai. Anaingia, anatoa pole, anamvuta mwenye msiba pembeni anamuuliza mwili uko wapi, bili imefika ngapi, kibali cha mazishi mnacho, na kama bili imekaba anajua afisa ustawi wa jamii yupi wa kuongea naye na aende na barua ya nani. Watu walikuwa wanatoa maiti siku hiyohiyo. Ukitolewa mzazi wako mochwari na mtu kwa staili hiyo, hata akija na mkono mtupu unamsahau?

Na wanaosema alijenga, nyumba yake ni ileile ya vyumba vya kupangisha aliyoianza akiwa kiwandani, kaongeza fensi na kisima. Mkewe alikuwa anachoma vitumbua asubuhi na vitumbua vile ndo vilikuwa vinalisha ile nyumba. Huyo mama mimi namhesabu kama mfadhili mkuu wa kampeni nne na hajawahi kutajwa jukwaani hata siku moja, na Mzee kwenye hilo simtetei.

Sasa kilele chake ilikuwa shule ya kata. 2006 likashuka agizo, Lowassa akiwa Waziri Mkuu, kila kata iwe na sekondari yake, maana MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, ulikuwa umeingiza watoto wengi msingi na wanaofaulu hawana pa kwenda. Mikoani unatafuta pori unafyeka. Kata yetu ni ile ambayo ukikaa dirishani unaweza ukapokea chumvi kutoka dirisha la jirani, eneo unalitoa wapi? Kwenye WDC wenyeviti wa mitaa karibia wote wakasema tuchukue uwanja wa mpira. Nimesimuliwa kikao kile na watu zaidi ya mmoja na wote wanasimulia sawasawa, vijana wa timu walikuwa wamejazana madirishani nje, mtendaji anaogopa hata kuandika muhtasari, na Mzee katulia anafunua kaunta buku la zamani kabisa, la enzi za Tume.

Kulikuwa na eneo pembeni ya bonde lilikuwa yadi ya kuegesha magari ya taka. 2000 mali zilivyogawanywa, yadi ile ikabaki hewani, ofisi hii ikiulizwa inasema ni ya ile, na ile inasema ni ya hii, na katikati hapo kuna mjanja mmoja amejigeuza mwenye nyumba anawapangisha mafundi gereji. Mzee alikuwa na namba ya kiwanja na jina la mtu aliyepokea makabidhiano. Mwenzangu ambaye hujawahi kufuatilia jambo serikalini unaweza ukaona hiyo ni ndogo. Bila namba ya kiwanja huna swali la kuuliza, unaonekana mlalamikaji tu.

Alichofanya ndicho kinachonifanya nimkubali mpaka kesho. Hakwenda kuomba eneo. Alienda ofisi ya kwanza akaomba barua inayosema eneo lile si lao, wakampa fasta maana hakuna anayekataa kujivua mzigo. Akaenda ya pili akaomba barua ileile, nao wakampa. Akachukua barua zote mbili akazipeleka kamati ya mipango miji, akauliza swali moja, kama wenyewe wote wameandika si lao, nani atakayepinga kata ikijenga shule? Kikao kikaangaliana. Ikapita. Kupata mafundi gereji watoke ikachukua muda mrefu na matusi mengi, lakini vyumba vya kwanza vikasimama na kidato cha kwanza kikaingia, kwenye vumbi lenye madoa ya oili chafu.

Vile vyumba vilijengwa kwa michango, na hapa ndo pana doa. WDC ilipitisha mchango kwa kila kaya, wengine hela wengine tofali, na wasiochanga majina yao yakabandikwa mlangoni ofisi ya kata. Mgambo wakawa wanapita. Kuna wajane walikaa kwenye ile karatasi miezi na miezi, wino unafifia na jina halitoki, na kila ukienda kufuata barua ya utambulisho unajisoma. Mzee alikuwa anajibu kwamba bila hivyo shule isingesimama, na inawezekana ni kweli. Ila watoto na wajukuu wa wale wajane walikuwa wanaisoma karatasi ile wakienda dukani, na huko mbele baadhi yao ndo walikuja kuwa makatibu wa matawi.

Ukimuuliza mtu wa hapa kuhusu miaka ya 2006 mpaka 2010 atakuambia Mzee alikuwa moto. Baada ya hapo atakuambia alichoka. Mimi nasema hakuchoka, alikuwa anapanda daladala zilezile na kukaa benchi zilezile, kilichotokea ni kwamba vitu alivyokuwa anavifuatilia vilianza kuhamishwa kimojakimoja kwenye majengo mengine na hakuna aliyewatangazia wapiga kura.

Angalia mtiririko wake. 2009 ikapita sheria ya mfuko wa jimbo, mbunge akawa na fungu la kuchochea miradi midogomidogo na kamati anaiongoza yeye, kwa hiyo bati za zahanati au madawati ambayo zamani diwani alikuwa anayasotea mwaka mzima, mbunge anayamwaga wiki moja na picha juu. 2015 mwishoni ukatoka waraka wa elimu bila malipo, michango ya lazima mashuleni ikapigwa stop kuanzia Januari 2016. Sawa kabisa kwa yule mjane, simlaumu aliyeutoa, lakini ile silaha ya WDC kukaa na kupitisha mchango ndo ikaishia hapo. 2016 kodi ya majengo ikachukuliwa na TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, kutoka halmashauri, na hiyo kwa manispaa za Dar ilikuwa hela ya kueleweka ya ndani. 2017 ikaanzishwa TARURA, wakala wa serikali wa barabara za mijini na vijijini, barabara hizo zikatoka halmashauri na wahandisi wake wakaenda nazo. Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali vya 20,000, vinagawiwa kupitia kwa wakuu wa mikoa na wilaya, mama lishe na machinga ambao miaka yote wakikamatwa na mgambo wanampigia simu diwani sasa wana kadi ya Rais shingoni na wanamjua DC.

Maji tayari yalikuwa kwa watu wa maji, umeme kwa watu wa umeme. Sasa barabara nazo zimeenda, kodi imeenda, michango imeenda, machinga wameenda. Ukitoa vyote hivyo kaunta buku linabaki na kurasa gani?

Na katikati ya hayo, 2015 UKAWA, ule muungano wa vyama vya upinzani, walizoa, manispaa yetu ikawa yao na hata umeya wa Jiji ukaenda upinzani Machi 2016 baada ya mvutano mrefu. Mzee alipona kwenye kata yake kwa kura chache, akaingia Barazani akiwa upande wa wachache kwa mara ya kwanza maishani, na uenyekiti wa kamati aliokuwa nao ukaondoka. Yeye aliyekuwa anamaliza mambo koridoni akajikuta korido imejaa sura ngeni ambazo zinamuona ni mzee wa kijani, wa CCM tu. Baadae wale wa upinzani wakaanza kuhama mmojammoja "kuunga mkono juhudi" za Rais, wakaja chamani kwake, na wakaja na watu wao, na walikuwa wanapokelewa kwa shangwe kuliko yeye aliyekaa miaka yote. Hili nalipitia haraka ila lilimuuma, alikuwa anawaita wageni wa heshima.

Alijaribu kujifunza TARURA. Alienda na kaunta buku lake kama kawaida akakaa benchi, akaingia, akamkuta mhandisi kijana, mpole kabisa, akamgeuzia kompyuta amuoneshe orodha ya barabara zenye namba na vipaumbele vya bajeti, akamwambia Mheshimiwa barabara yako ipo kwenye orodha ila mwaka huu haijafikiwa, kama kuna hoja leta kwa barua kupitia kwa mkurugenzi. Hakufukuzwa, hakudharauliwa. Ila hakukuwa na mama wa Kibamba wa kumuwahi kabla ya saa nne. Mzee alikuwa ni fundi cherehani aliyekabidhiwa kiwanda cha nguo za plastiki, ufundi upo lakini sindano haiingii.

Sasa kosa lake kubwa, na hapa ndo naachana na wanaomtetea moja kwa moja. Hakusema. Mambo yote haya niliyoyaandika yeye aliyajua kuliko mimi, nyingine nimezijua kwake, lakini kwenye mkutano wa hadhara hakuwahi kutamka hata mara moja kwamba barabara si yangu tena. 2019 kulikuwa na mkutano pale kiwanja cha shule, kijana mmoja wa bodaboda akasimama, akasema Mheshimiwa shikamoo, Mzee akaitikia marahaba, kijana akasema ile njia ya kushukia bondeni tunavunja shokapu kila wiki na abiria wanashukia huku juu, we unatuambiaje. Mzee akasema nimeshaongea na wahusika, mwezi wa sita panawekwa kifusi. Watu wakapiga makofi kidogo. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake na najua hakuna mwezi wa sita. Jioni nikamuuliza mbona umewaahidi kitu kisicho chako, akaniambia mwanangu, nikiwaambia sina uwezo nacho, kesho watauliza nilikuwa natafuta kura za nini.

Na unajua, hoja yake ina akili. Diwani akianza kutaja vitu visivyo vyake atamaliza na mkutano umeisha. Lakini mwezi wa sita ulifika, ukapita, na kila ahadi ya namna ile ilikuwa inakula ile imani ya misibani. Mtu aliyezoeleka kwamba akisema nirudi Jumanne, Jumanne jambo limeisha, akawa mtu wa mwezi wa sita.

Kitu kimoja kilikuwa kimeongezeka kwa kweli, mikopo ya asilimia kumi. 2018 ikawekwa kwenye sheria kwamba halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, na riba hakuna. Maombi ya vikundi yanapitia kwenye kata, kwa hiyo pale WDC ilikuwa na meno. Mzee akapitisha vikundi vya akina mama anaowajua, wale wa batiki, wale wa sabuni, watu wazima wanaolipa. Vijana wa bodaboda wakaja na kikundi chao, hawana katiba iliyonyooka, hawana akaunti ya benki, akawarudisha. Kwa utaratibu alikuwa sahihi. Lakini aliwaambia nendeni mkajipange, basi, kama mwalimu wa zamu, yeye ambaye angeweza kukaa nao barazani jioni moja akawaandikia katiba nzima kwa mwandiko wake mzuri wa stoo. Aliyewaandikia ni kijana mwingine, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, umri wa mwanae. Akawapeleka mpaka benki. Huyo ndo alikuja kuchukua kata.

Masika ya 2020 mnakumbuka mvua zilivyopiga. Ile njia ya bondeni ikakatika. Mzee akaambiwa tuchangishane tumwage kifusi wenyewe, akakataa, akasema barabara ina mwenyewe, ukimwaga kifusi bila mhandisi utaziba mfereji maji yaingie kwa watu. Yule kijana akaleta malori yake, akamwaga usiku, asubuhi bodaboda zinapita zinapiga honi. Mvua iliyofuata mfereji ukaziba na maji yakaingia nyumba za pale chini, kama Mzee alivyosema kabisa. Na bado sifa akabaki nazo mwenye malori. Nimeongea na baba mmoja ambaye kochi lake lilielea siku ile, akaniambia angalau yeye alijaribu. Sikuwa na cha kumjibu, na sidhani kama hiyo ni ujinga wa wananchi, mtu ambaye kwa miaka kumi anajibiwa kwa mdomo, akija wa kumjibu kwa lori utamlaumu?

Tukija kwenye siku yenyewe. 2015 kura za maoni kwenye chama chake walipiga wanachama wote wenye kadi, na hapo ndipo akina mama wa vitumbua na wa misiba walikuwa wanammaliza kila anayejitokeza. 2020 utaratibu ukabadilika, wakapiga wajumbe wa mkutano mkuu wa kata tu, na hesabu inafanyika wazi mbele ya watu. Mtaji wa Mzee ulikuwa mpana na mwembamba, watu maelfu wanamkubali kidogokidogo, na siku hiyo walitakiwa watu wachache wanaomkubali sana. Hakuwa nao. Makatibu wa matawi wengi walikuwa vijana, wengine ni haohao waliokua wakiisoma ile karatasi mlangoni. Nchi nzima ilikuwa inaimba "wajumbe si watu" wiki ile, wabunge vigogo waliangushwa, kwa hiyo huku kwetu nako ikachukuliwa kama upepo. Hadithi ya bahasha nimeisikia kwa walioshindwa tu, na walioshindwa walikuwa wengi. Hata bila shilingi moja, Mzee asingepita pale.

Kwa hiyo nikipima yale majibu matatu ya kijiweni, uzee siukubali, mtu alikuwa anatembea kwa mguu kata nzima. Kujenga siukubali kabisa. Bahasha hata zikiwa kweli zinaeleza kwa nini yule alishinda, hazielezi kwa nini Mzee alikuwa wa tatu. Alikuwa wa tatu kwa sababu wajumbe hawakuona tena anachokifanya, na hawakukiona kwa sababu kilikuwa hakipo, na kwamba hakipo aliwaficha yeye mwenyewe.

Baada ya hapo mambo yamezidi kwenda kulekule. Februari 2021 lile Jiji la juu likavunjwa na hadhi ya jiji ikapewa Ilala, yaani mtu yule ameona Jiji linavunjwa mara mbili. Oktoba 2021 zikaja zile fedha za UVIKO, trilioni 1.3, madarasa 15,000 nchi nzima, na shule yetu ikapata vyumba vipya bila mchango wa hata tofali moja. Siku ya kukata utepe diwani mpya alisifiwa sana, akamsifia Rais sana, na kuhusu yadi ya magari ya taka na zile barua mbili hakuna aliyekuwa anajua. Mzee alialikwa, alikaa safu ya tatu, akala pilau akaondoka.

Ila diwani mpya nampa maksi kwa kitu kimoja, alijaribu kusema kile ambacho Mzee alikimeza. Akafungua grupu la WhatsApp la kata, akaweka tangazo refu, barabara ni TARURA namba hii hapa, maji ni DAWASA namba hii, umeme TANESCO, kodi ya jengo mnakatwa kwenye LUKU msiniulize mimi, mikopo njooni ofisi ya kata Jumanne na Alhamisi. Akaweka na kimuhuri cha kata chini. Mimi nikasema hatimaye. Hazikupita dakika nyingi, wa kwanza akajibu "asante Mheshimiwa, sasa wewe tukupigie kwa lipi?" Wa pili akaweka vikatuni vya kucheka. Wa tatu akauliza ile njia ya bondeni vipi. Akina mama wakaanza kumkumbusha lori. Ikafika usiku meseji zimevuka mia, mtu mmoja akatuma na picha ya zamani ya Mzee yupo kwenye msiba, na ilipofika asubuhi diwani akafunga grupu, wanaoandika ni maadmini tu.